Kaole, Bagamoyo, Mbegani: Pwani Inayongoja Meli

Ukisimama kwenye makaburi ya nguzo ya Kaole, bahari huioni. Unaona mikoko tu, na chini yake mizizi iliyokita kwenye tope jeusi lenye matundu ya kaa. Waliojenga msikiti ule wa mawe ya matumbawe katika karne ya 13 hawakuujenga msituni. Waliujenga karibu na vyombo vyao. Maji yakaleta tope, mikoko ikaota juu yake, bandari ikaziba, na biashara ikahamia kilomita chache kaskazini, Bagamoyo.

Bagamoyo nayo, tukisema kweli, haikuwahi kuwa bandari ya meli. Ni pwani ya wazi, maji mafupi. Jahazi liliingia na maji kujaa. Yakipwa, likakaa mchangani likiwa limelalia ubavu, na wachukuzi wakashusha mizigo huku maji yakiwafika magotini. Kwa jahazi hiyo haikuwa kasoro. Chombo kikikauka ndipo nahodha anapopata nafasi ya kukitia kalafati. Pembe za ndovu kutoka Tabora na Ujiji zilipita hapo hapo kwenda Unguja, na watumwa vilevile. Iliyoshindwa ni meli ya moshi: ilibaki nje kwenye kina, shehena ikavushwa kwa mashua.

Wajerumani waliokuja na meli hizo waliiweka Bagamoyo kuwa makao yao makuu mwaka 1888, na 1891 tayari walikuwa wamehamia Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina na kinga. Ajabu ni kwamba waliendelea kujenga pale walipopaacha: forodha mwaka 1895, boma mwaka 1897. Reli ya Kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905 ikaanzia Dar es Salaam, na hapo Bagamoyo ikabaki na majumba yake.

Zaidi ya karne moja baadaye ikaja zamu ya Mbegani, kusini kidogo ya Kaole, jirani na Mlingotini, ambako wanawake hulima mwani kwenye maji mafupi yale yale. Mkataba wa awali wa kujenga bandari hapo na kampuni ya China Merchants ulitiwa saini Machi 2013, Rais Xi Jinping alipozuru nchini. Oman ikajiunga baadaye. Zilitajwa dola bilioni 10 na uwezo wa kuhudumia makontena milioni 20 kwa mwaka, hesabu ambayo hata leo inanipa kizunguzungu. Oktoba 2015 Rais Kikwete, mwenyeji wa wilaya hiyo hiyo, akaweka jiwe la msingi, wiki chache kabla ya kuondoka Ikulu.

Safari hii kilichokwamisha si tope. Mwaka 2019 Rais Magufuli aliyaanika hadharani masharti aliyosema yanadaiwa na wawekezaji: dhamana ya miaka 33 na kumilikishwa ardhi kwa miaka 99. Mwendawazimu tu, alisema, ndiye angeyakubali. Alipofariki mwaka 2021, Mbegani haikuwa na gati hata moja la mradi ule, na Juni mwaka huo Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yanafufuliwa.

Atakayepewa kalamu ya kutia saini safari nyingine, namwomba kwanza apite Kaole, maji yakiwa yamekupwa.