Joto Pekee Halitoshi: Historia ya Kulea Vifaranga wa Kuku na wa Bata

Leo tunazungumzia jambo linaloweza kumaliza vifaranga usiku mmoja tu: kulala mahali palipolowa. Ukitotoa kuku pamoja na bata, hatari hiyo huja mapema. Ili tuielewe vizuri, hebu tutazame historia, maana waliotutangulia walikwisha kuhangaika nayo.

Tuanze na ndege wenyewe. Kuku wetu anatokana na kuku wa porini wa kusini-mashariki ya Asia, anayechakura majani makavu chini ya vichaka. Alifika pwani yetu kwa vyombo vya Bahari ya Hindi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Yule bata mwenye vinundu vyekundu usoni asili yake ni Amerika ya Kusini, naye alienea Afrika baada ya mwaka 1500, enzi za merikebu za Wareno. Basi, mmoja ni wa mahali pakavu, mwingine ni wa maji. Kuwalaza kitanda kimoja ni kumtaka kifaranga wa kuku aishi kwa desturi za bata.

Wamisri wa kale ndio waliosifika kwa kutotoa mayai bila mama. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita walijenga matanuri ya udongo, wakawasha samadi na majani makavu. Pimajoto hawakuwa nayo. Mtunzaji aliliweka yai kwenye kope la jicho lake, akajua kama joto limezidi au limepungua.

Huko Ufaransa, bwana mmoja mtaalamu aliyeitwa Réaumur alichapisha kitabu mwaka 1749 juu ya kutotoa mayai kwa joto la samadi. Joto alilipata, lakini mvuke wa samadi ile uliua mayai. Alipozuia unyevu usiwafikie ndio akafanikiwa. Tena alitengeneza "mama wa bandia", yaani kasha lenye ngozi ya kondoo yenye manyoya kwa ndani, vifaranga wakaingia na kujipasha. Unaona, ndugu? Somo lake ni lile lile: joto pekee halitoshi, lazima liwe joto kavu.

Sasa turudi kwetu. Wazungu kama Richard Burton, aliyepita Ugogo mwaka 1857, waliikuta tembe, ile nyumba ya miti na udongo yenye paa la bapa. Ndani yake mlikuwa na moto wa kupikia, watu, na ndama waliolala humo humo. Kifaranga aliyelala ndani ya tembe alipata joto bila kuwashiwa taa. Novemba 1973 ilitolewa amri kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Wengi walihama makazi yao ya zamani, na nyumba za aina nyingine zikaongezeka. Tembe ikipungua, joto lile la bure nalo linapungua. Inabidi tulitengeneze wenyewe.

Na hapa Kintinku mbuga hujaa maji wakati wa masika, hata mpunga ukastawi. Bata hufurahi, lakini kifaranga wa kuku hana furaha hiyo. Manyoya yake ya kwanza ni kama pamba, hayazuii maji. Akilowa anapoteza joto upesi. Matandiko mabichi pia hustawisha vijidudu vya kuhara damu. Mtoto wa bata, yeye, huchovya mdomo, hurusha maji, na kinyesi chake ni cha majimaji. Siku mbili tu, banda lote limelowa.

Basi fanya hivi. Kama kuku ataatamia mayai ya aina zote mbili, kumbuka kuku hutotoa siku ya 21, bata wa kawaida siku ya 28, na bata mwenye vinundu siku ya 35 hivi. Mwekee ya bata kwanza, ya kuku yafuate baada ya siku 7 au 14. Wakishatoka, watenganishe kwa ukuta mdogo wa mabanzi. Tandika maganda ya mpunga makavu, na palipolowa paondoe siku hiyo hiyo. Chombo cha maji ya bata kiweke juu ya mawe, maji yadondokee chini, mbali na matandiko. Kiwe na kina cha kuchovya pua, si cha kuogelea.

Joto la juma la kwanza kwa vifaranga wa kuku liwe nyuzi 32 hadi 35, kisha lipunguze nyuzi 3 hivi kila juma. Huna pimajoto? Watazame: wakirundikana, wana baridi, wakikimbia mbali na taa, joto limezidi. Ukitumia chungu cha mkaa, acha upenyo wa hewa, maana moshi wa mkaa unaua hata mtu.

Kuku wa Singida wanajulikana hadi Dar es Salaam. Kila kifaranga unayemwokoa ni daftari la mtoto na chumvi ya nyumbani. Jioni ya leo, kabla hujalala, tia mkono chini ya matandiko. Kiganja kikitoka na unyevu, badilisha kabla giza halijaingia.