Pareto, DDT na Mbu: Historia ya Sumu Ndani ya Nyumba Zetu

Mara nyingi tunashauriwa kupunguza sumu nyumbani kwa kurudi kwenye vitu vya asili. Ushauri huo una mantiki, lakini historia ya dawa za mbu, hasa Uganda na Rwanda, inaonyesha kwamba peke yake hautoshi. Insha hii inajadili jinsi dawa hizo zilivyobadilishwa na gharama ya kila badiliko.

Kabla ya kemikali za viwandani, watu walitumia pareto, ua jeupe lenye asili ya Dalmatia, kando ya Bahari ya Adriatiki. Maua yake hukaushwa na kusagwa. Wajapani waliyachanganya katika dawa ya mbu ya kuwasha, na mwaka 1902 wakaanza kuiuza katika umbo la duara tunalolijua hadi leo. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuia pareto ya Japani kufika sokoni, Kenya ikawa mzalishaji mkuu. Hata hivyo, pareto ikipigwa na jua huisha nguvu upesi. Hiyo ni nafuu kwa mazingira, lakini ni hasara kwa anayehitaji kinga ya miezi.

Pengo hilo lilizibwa na DDT. Mwaka 1939 Paul Müller, mkemia wa Uswisi, aligundua kwamba inaua wadudu, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Ilikuwa rahisi kwa bei, na ikipulizwa ukutani hudumu kwa miezi. Huko Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, ilipulizwa majumbani karibu na mwaka 1960, na malaria ikapungua sana.

Lakini sifa hiyo ya kudumu ndiyo iliyokuwa kasoro yake: DDT hujikusanya katika mafuta ya miili ya wanyama na binadamu. Rachel Carson alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1962. Marekani ikapiga marufuku matumizi yake mengi mwaka 1972. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 nao uliibana, ukiacha nafasi ya kudhibiti wadudu waenezao magonjwa.

Mwaka 2008 DDT ilipulizwa katika wilaya za Apac na Oyam, kaskazini mwa Uganda. Waliotegemea kilimo hai walihofia kupoteza masoko, wakaenda mahakamani, na upulizaji ukasimama. Baadaye dawa nyingine zilitumika kaskazini, na malaria ikashuka. Upulizaji huo ulipokoma mwaka 2014, ugonjwa ulilipuka upya mwaka 2015. Hapa ndipo penye funzo kubwa: kuondoa sumu ni jambo moja, kuondoa kinga ni jambo jingine.

Je, pareto haina gharama? Nchini Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1960, sehemu kubwa ya Hifadhi ya Taifa ya Volkano ilikatwa ili kupata mashamba ya pareto. Sokwe wa milimani walipoteza msitu kwa ajili ya dawa ya asili. Wanasayansi nao waliiga kemia ya ua hilo. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake walitangaza permethrini, isiyoharibiwa upesi na jua, na dawa za jamii hiyo zikatiwa kwenye vyandarua. Leo mbu wengi wamekuwa sugu kwazo.

Kwa kuhitimisha, badiliko jema ni la hatua kwa hatua, na kila hatua huanza kwa kuweka kinga mpya kabla ya kuondoa ya zamani. Kwanza familia ilale ndani ya chandarua. Kisha ifukie madimbwi, iweke wavu madirishani na kuzibia mbu nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Baada ya hapo ndipo ipunguze dawa ya kupuliza na ya kuwasha, kwa maana moshi, hata wa majani, huumiza kifua. Cha asili nacho kipimwe kama vingine.