Lishe ya wasichana balehe mkoani Kilimanjaro

'''Lishe ya wasichana balehe''' ni ulaji na hali ya mwili ya wasichana wenye umri wa miaka 10 hadi 19, kadiri ya mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani (WHO). Katika umri huo mwili hurefuka haraka, hedhi huanza na mahitaji ya chakula huongezeka. Nchini Tanzania upungufu wa virutubishi na uzito uliozidi huonekana pamoja, hata katika mji mmoja.

== Vyakula ==
Kwenye miteremko ya mlima Kilimanjaro, Wachagga hulima ndizi, kahawa, maharagwe na mboga katika mashamba ya nyumbani yaitwayo vihamba. Vyakula vyao vya asili ni pamoja na mtori, wa ndizi na nyama, na kiburu, cha ndizi na maharagwe. Mjini Moshi, katika kata kama Majengo, chakula kingi hununuliwa: unga, mchele na dagaa, lakini pia chipsi, maandazi na soda. Ndizi na ugali hushibisha, ila vyenyewe havina madini ya chuma ya kutosha. Ubora wa mlo hutegemea kitoweo na mboga.

== Upungufu wa damu ==
Msichana hupoteza madini ya chuma kila mwezi kwa hedhi. Asipoyarudisha hupata uchovu, kizunguzungu na ugumu wa kuzingatia masomo. Akipata mimba angali na upungufu huo, hatari huongezeka kwake na kwa mtoto. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu.

Nyama, maini, dagaa, maharagwe na mboga za majani huongeza madini ya chuma. Machungwa na mapera husaidia mwili kuyafyonza, kumbe chai inayonywewa pamoja na mlo huzuia.

== Uzito ==
Uzito hupimwa kwa kugawanya kilogramu kwa kipeo cha pili cha urefu katika mita. Msichana wa kilo 50 mwenye urefu wa mita 1.60 hupata 19.5. Kwa watu wazima uzito umezidi kuanzia 25, lakini kwa vijana balehe namba hiyo husomwa kulingana na umri na jinsia. Katika utafiti huohuo asilimia 28 ya wanawake walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, na asilimia 10 walikuwa wembamba kupita kiasi.

Kuruka milo ili kupunguza mwili hakufai: humnyima msichana virutubishi anavyohitaji akiwa bado anakua.

== Hatua za kinga ==
* Kula mlo wa mchanganyiko, ukiwemo wa asubuhi na wa shuleni.
* Kupunguza soda, sukari na vyakula vya kukaanga.
* Kushughulisha mwili walau dakika 60 kwa siku.
* Kutumia vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi kwa ushauri wa mhudumu wa afya.

Tangu mwaka 1973 Tanzania ina Taasisi ya Chakula na Lishe inayoshughulikia masuala hayo.