Anwani ya nne: kwa nini waya hugoma nyuma ya Wi-Fi ya meshi

Umefunga Wi-Fi ya meshi nyumbani au ofisini. Kisanduku kikuu kimeunganishwa na intaneti, vingine viwili umevitawanya vyumbani, navyo vinaongea na kile kikuu kwa redio. Simu zinafanya kazi kila kona. Halafu unachukua kompyuta ya mezani isiyo na Wi-Fi, unaichomeka kwa waya kwenye kisanduku cha chumba cha mwisho, na kimya. Au inapata intaneti vizuri tu, lakini printa ya ofisi haiioni. Unabadili waya, unazima na kuwasha, mwisho mtu anakuambia: "Kadi ya mtandao imekufa hiyo, nunua nyingine."

Ngoja kwanza, usitoe hela. Mara nyingi hakuna kilichokufa. Unachokiona hapo ni matokeo ya uamuzi uliofanywa na wahandisi miaka ya 1990, uamuzi uliokuwa na sababu nzuri kabisa wakati huo. Ukiujua uamuzi wenyewe, utajua pa kuanza kutafuta tatizo. Kwa hiyo twende taratibu, tuanze na historia kisha tushike waya.

Redio ilitangulia

Watu wengi hudhani waya ulikuja kwanza na redio ikafuata. Kwa Etheneti, hadithi imekaa kinyume kidogo. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, chini ya Norman Abramson, kiliwasha mtandao ulioitwa ALOHAnet, uliounganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio. Robert Metcalfe, aliyekuwa akifanya kazi Xerox PARC huko California, alilichukua wazo la vifaa vingi kugawana njia moja na kulihamishia kwenye waya. Mei 1973 aliandika waraka uliozaa Etheneti, na yeye na David Boggs wakaijenga.

Kwenye Etheneti, data husafiri ndani ya fremu. Ifikirie fremu kama bahasha ambayo juu yake kuna anwani mbili tu: inakwenda kwa nani, imetoka kwa nani. Kila anwani ina biti 48, na ndiyo ile namba ya kifaa tunayoiita MAC. Waya wote ni mmoja, kila kifaa kinaisikia bahasha, mwenye jina lake anaichukua. Basi, imeisha.

Daraja lisiloonekana

Shida ilianza mitandao ilipokua. Kipande kimoja cha kebo nene ya Etheneti hakikutakiwa kuzidi mita 500. Ukiwa na majengo mawili, unaviunganishaje vipande viwili bila kompyuta zenyewe kujua kwamba kuna kitu katikati?

Katika kampuni ya Digital Equipment, miaka ya 1980, Mark Kempf alibuni kifaa kilichoitwa daraja. Kazi yake ni kusikiliza. Kila bahasha inapopita, daraja linasoma jina la mtumaji na kukumbuka: "Huyu yupo upande wa kushoto." Baada ya muda mfupi linajua nani yuko wapi, na linavusha bahasha zinazohitaji kuvuka tu. Hakuna anayelipangia kitu.

Daraja la aina hii lina masharti mawili, na yote mawili tutayahitaji mbele. Kwanza, bahasha lazima ivuke ikiwa na jina la mtumaji halisi. Jina likibadilishwa njiani, daraja linajifunza uongo. Pili, kusiwe na kitanzi. Bahasha ya Etheneti haina hesabu ya mara ngapi imevushwa, hivyo madaraja mawili yakiunganisha sehemu zilezile, tangazo moja linaweza kuzunguka bila kikomo mpaka mtandao wote ukose pumzi. Dawa ya hilo aliibuni Radia Perlman, katika kampuni hiyohiyo, mwaka 1985: madaraja yanakubaliana yenyewe kuzima njia za ziada mpaka mtandao ubaki na umbo la mti, usio na kitanzi. Mwaka 1990 mbinu hiyo iliingia kwenye kiwango cha IEEE 802.1D, na mpaka leo ipo kwenye swichi nyingi.

1997: bahasha yenye nafasi nne

Sasa tufike kwenye Wi-Fi. Kamati ya IEEE 802.11 ilianza kazi mwaka 1990 na kiwango cha kwanza kilitoka 1997, kikiwa na kasi ya megabiti 1 au 2 kwa sekunde. Hapa anwani mbili hazikutosha. Simu yako inapotuma kitu kwa printa kupitia kituo cha Wi-Fi, bahasha inabidi itaje kituo kinachopokea kwa redio, simu inayotuma, na printa inakoishia. Hizo ni tatu.

Lakini umeona kilichobanwa hapo? Anayerusha mawimbi na mwenye barua wamechukuliwa kuwa mtu mmoja. Kwa simu au kompyuta mpakato ni sawa kabisa, maana nyuma yake hakuna mtu mwingine. Na kubana kulikuwa na faida: anwani moja ni biti 48, na kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde kila anwani ya ziada ingekula mikrosekunde 48 za hewa inayogawanwa na watu wote. Kwa kila fremu! Ungekuwa wewe kwenye kamati, huenda nawe ungebana.

Wahandisi hawakuwa wamesahau. Waliacha nafasi ya anwani ya nne, itumike pale kituo kimoja kinapomtumia kingine bahasha za watu wengine. Ila kiwango hakikueleza vituo hivyo vikubaliane vipi kuanza kuitumia. Kila kampuni ikaja na namna yake, na kifaa cha kampuni hii mara nyingi hakikuelewana na cha ile. Kampuni nyingine zikakwepa kabisa: kisanduku cha kurudia mawimbi kinajifanya ni simu ya kawaida mbele ya ruta, kinafuta jina la kompyuta iliyo nyuma yake na kuandika la kwake.

Chukua mfano wa shule yenye S.L.P. moja. Barua za wanafunzi wote zinafika kwenye sanduku hilo. Kama jina la mwanafunzi limeandikwa, itamfikia. Kama bahasha ina namba ya sanduku peke yake, mtu pale shuleni lazima akisie ni ya nani. Kompyuta yako yenye waya, nyuma ya kisanduku cha meshi, ndiyo huyo mwanafunzi.

Mapaa ya Cambridge

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa MIT walijenga Roofnet, mtandao wa meshi juu ya mapaa ya nyumba za watu huko Cambridge, Massachusetts. Katika tathmini waliyoichapisha mwaka 2005 ulikuwa na nodi 37. Wakazi walichomeka kompyuta zao kwa waya kwenye nodi, yaani hali yako hasa wewe msomaji.

Suluhisho lao lilikuwa rahisi: kila nodi ilikuwa ruta ndogo. Iligawa anwani za IP za 192.168.1 kwa kompyuta zilizo kwenye waya wake, kisha ikazificha zote nyuma ya anwani yake moja. Tatizo la bahasha likaisha, kwa sababu kwa nje ilionekana nodi tu. Gharama yake ni kwamba kompyuta ya nyumba hii haikuweza kufungua mawasiliano moja kwa moja na ya nyumba ile. Kwa kuvinjari intaneti hilo halina neno. Kwa printa ya ofisi, ni kasheshe.

Jibu la kikanuni lilikuja 2011 kwa kiwango cha 802.11s, ambapo bahasha inaweza kubeba hadi anwani sita: mbili za hatua ya sasa ya redio, mbili za nodi ya kuingilia na ya kutokea kwenye meshi, na mbili za wenye barua halisi. Hatimaye kompyuta yenye waya ikapata mahali pa kuandika jina lake. Lakini kampuni zilizoanza kuuza meshi za nyumbani kwa wingi mwaka 2016 hazikulazimika kufuata njia moja, na kiwango cha EasyMesh, cha kuwezesha vifaa vya kampuni tofauti kushirikiana, kilitoka 2018. Ndiyo maana kuchanganya visanduku vya kampuni mbili bado ni bahati nasibu.

Sasa tushike waya

Anza na jaribio moja kabla ya yote. Chukua kompyuta ileile na waya uleule, uchomeke kwenye kisanduku kikuu. Ikifanya kazi pale, kadi haijafa na waya ni mzima. Kosa liko kwenye kisanduku cha mbali au kwenye safari ya redio kati yake na kikuu. Ikigoma hata pale, na taa ya tundu haiwaki, hapo ndipo ushuku waya, tundu au kadi.

Kisha rudi kwenye kisanduku cha mbali na uangalie anwani ya IP ambayo kompyuta imepata. Ikianza na 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kuomba na kukosa jibu. Ombi hilo lina jina la kompyuta ndani ya barua. Kisanduku kinachobadilisha majina hugusa bahasha ya nje tu, hivyo ruta inaweza kujibu kwa jina la ndani, ambalo upande wa redio halitambuliki. Jibu linapotea njiani. Sasisha programu ya visanduku vyote, na hakikisha ni vya mfumo mmoja.

Ikipata anwani ya kawaida lakini ya familia tofauti na ya simu zako, tuseme simu ni 192.168.0 na kompyuta ni 192.168.1, basi umeishi Roofnet bila kujua: kisanduku cha mbali kinajifanya ruta. Kibadilishe kiwe daraja, chaguo ambalo kwenye menyu nyingi huandikwa Bridge au AP. Printa itaonekana.

Fungua pia orodha ya vifaa kwenye ruta. Vifaa viwili vyenye waya vikionyesha MAC moja, jina linafutwa njiani. Intaneti inaweza kwenda vizuri, ila ukijaribu kuipa kompyuta anwani ya IP ya kudumu kwa kutumia MAC yake, ruta haitaitambua.

La mwisho ni kitanzi. Mtandao wote ukianguka mara tu baada ya kuchomeka waya wa pili, na taa zote za swichi zikawa zinapepesa kwa pamoja bila kupumzika, huenda visanduku viwili sasa vimeungana kwa redio na kwa waya kwa wakati mmoja. Meshi nyingi hugundua na kuzima njia moja, lakini swichi ya bei nafuu iliyo katikati inaweza kuvuruga makubaliano hayo. Chomoa waya wa mwisho uliochomeka. Mtandao ukirudi, umempata mchawi.

Hakuna hata hatua moja kati ya hizi inayodai ununue kitu. Zinadai uulize swali lilelile ambalo kamati ililijibu mwaka 1997: katika safari hii, jina la mwenye barua limeandikwa wapi, na nani kalifuta? Kwa hiyo kompyuta ile ya chumba cha mwisho, kabla hujaipeleka kwa fundi, ipeleke kwanza kwenye kisanduku kikuu.