UZI: Dawa zimeisha zahanati. Kabla hujarusha lawama, soma historia hii fupi

1/ Kampeni ikifika Nkubu, lazima dawa zitajwe. Huyu anasema zimeibwa, yule anasema Nairobi haijatuma. Mimi nasoma sayansi ya siasa, lakini pia shosho wangu ana presha. Mwaka huu ametoka zahanati mara mbili na karatasi tu: "nunua nje." Twende polepole.

2/ Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu. Wazo: nchi yenye pesa kidogo inunue dawa chache zinazotibu wengi. Kenya ikatoa orodha yake 1981, na vituo vya mashambani vikawa vinaletewa dawa kwa makasha yaliyofungwa.

3/ Kasha lilikuwa na faida: likifika limefunguliwa, unajua limeguswa njiani. Shida ni kwamba lilipangwa huko juu. Chukua zahanati ya Tharaka kwenye joto na mbu, na nyingine huku chini ya Mlima Kenya kwenye baridi. Kasha ni lilelile. Kule dawa ya malaria inaisha mapema, huku inakaa mpaka tarehe yake inapita. Na hakuna aliyeiba.

4/ Ndiyo maana, baada ya KEMSA kuundwa mwaka 2000 kununua na kusambaza dawa, mfumo uligeuzwa pole pole: kituo kiagize chenyewe kinachohitaji. Safi. Lakini anayeagiza lazima ahesabu.

5/ Hapa ndipo mijadala yetu haifiki: kadi ya stoo. Kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Tuseme zahanati inatumia vidonge 1,000 vya presha kwa mwezi, na mzigo huja kila miezi 3. Ukiagiza 3,000 kamili umekosea, kwa sababu gari likichelewa wiki moja, stoo ni tupu.

6/ Kuna mtego mwingine. Mwezi ambao dawa haikuwepo, kadi inaonyesha matumizi ni sifuri. Mtu akikadiria bila kuuondoa mwezi huo, ataagiza kidogo zaidi. Uhaba unazaa uhaba.

7/ 2013 ugatuzi ukaja. Vituo vya afya vikawa vya kaunti, na kaunti ndiyo inalipia dawa. Hazina ikichelewesha mgao, kaunti inabaki na deni KEMSA. Deni likipanda, mzigo unakwama. Kwa hivyo "Nairobi haijatuma" na "kaunti haijalipa" zinaweza kuwa kweli siku moja.

8/ Mwaka huohuo ada za zahanati na vituo vya afya zilifutwa (tangu 2004 zilikuwa shilingi 10 na 20). Afueni kwa mgonjwa, sipingi. Ila ile pesa ndogo ndiyo iliziba pengo. Fidia ya serikali ilipochelewa, pengo lilibaki wazi.

9/ Na wizi je? Ununuzi wa vifaa vya Covid pale KEMSA 2020 ulichunguzwa mpaka Bungeni, kwa hivyo sitetei mtu. Ninachosema: tukiita kila uhaba wizi, anayeagiza vibaya na anayechelewesha malipo wote wanapona.

10/ Mwanasiasa akisimama tena sokoni kuongea dawa, muulize: Ziliagizwa lini? Kwa hesabu gani? Nani hajalipa?

Shosho alinunua nje. Alinunua za wiki moja, maana pesa ziliishia hapo.