Nyumba ya Disney: Historia ya Ndugu Wawili na Hati Zao

Jina la Walt Disney watoto wa Mwanza na Mombasa hulijua kabla hawajajua kusoma. La Roy, kaka yake, ni wachache wanaolikumbuka, na mimi naona hapo historia imemdhulumu mtu. Kampuni hii imesimama zaidi ya miaka mia moja kwa sababu mmoja aliwaza na mwingine akatafuta pesa, akalinda karatasi. Nitaisimulia kwa upande wa karatasi.

Ndugu hao walilelewa Missouri, katikati ya Marekani. Mwaka 1911 baba yao, Elias, alinunua njia ya kusambaza magazeti katika jiji la Kansas City, na wanawe ndio waliotembeza magazeti hayo alfajiri, theluji ikiwepo isiwepo. Roy alizaliwa 1893, Walt 1901. Walt alipokua alianzisha studio ya katuni hukohuko, ikafilisika mwaka 1923. Akapanda treni kwenda Los Angeles na filamu moja aliyokuwa nayo, ya msichana wa kweli anayeingia katika dunia ya kuchorwa.

Roy alikuwa amelazwa huko katika hospitali ya wanajeshi wa zamani, anaugua kifua kikuu. Margaret Winkler, msambazaji wa filamu wa New York, alipokubali kulipa dola 1,500 kwa kila filamu ya msichana yule, inasimuliwa kwamba Walt alikwenda hospitalini usiku akamwamsha kaka yake. Roy akatoka wodini, wala hakurudi. Mkataba ni wa tarehe 16 Oktoba 1923. Ami yao Robert aliwakopesha dola 500, na kampuni ikaitwa kwa jina la ndugu wote wawili. Miaka mitatu baadaye neno "ndugu" likaondolewa, likabaki jina la Walt peke yake. Roy aliridhia, akaendelea kushika daftari la hesabu.

Kisha likaja pigo la sungura. Mwaka 1927 studio ilibuni mhusika aitwaye Oswald, na watu wakampenda. Februari 1928 Walt alikwenda New York kuomba nyongeza kwa Charles Mintz, mume wa Winkler, aliyekuwa ameshika biashara ya mkewe. Mintz akamwambia malipo yatapunguzwa, na akamweleza kwamba wachoraji wake wengi wamekwisha kuahidi kuhama. Walt hakuwa na la kufanya. Mkataba ulisema Oswald ni mali ya Universal, waliotoa fedha. Aliyembuni hakuwa na haki hata ya sikio moja la yule sungura.

Hapo ndipo tabia ya kampuni hii ilipofinyangwa. Tangu siku hiyo ndugu hawa hawakukubali tena mhusika wao awe wa mtu mwingine, na kila lililofuata, zuri na baya, limetoka katika jeraha hilo.

Mchoraji mmoja mkubwa hakuhama: Ub Iwerks, rafiki wa Walt tangu Kansas City. Ni yeye aliyempa Mickey Mouse umbo, na inasemwa kwamba alifikia kuchora michoro 700 kwa siku. Filamu mbili za kwanza za panya huyo hazikupata msambazaji. Ya tatu, Steamboat Willie, ilitiwa muziki na milio iliyokwenda sawasawa na mwendo wa picha, na ili kugharimia kurekodi Walt aliuza gari lake. Ilionyeshwa New York tarehe 18 Novemba 1928, na ukumbi ukachangamka. Sauti ya Mickey ilikuwa ya Walt mwenyewe, na ilibaki hivyo kwa karibu miaka ishirini. Safari hii hati zilikuwa mikononi mwa wenyewe. Kufikia 1933 sura ya panya ilikuwa inauzwa kwenye saa za mkononi, na fedha za namna hiyo zilisaidia kuilisha studio.

Walt akataka kubwa zaidi: katuni ya urefu wa filamu kamili. Roy alipinga, na hofu yake ilikuwa na msingi, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ya mikono tupu. Mchoraji alichora kwa penseli, mwendo baada ya mwendo. Karatasi zikapelekwa chumba cha wino na rangi, ambako wanawake walifuatisha mistari ile kwa wino juu ya shiti angavu ya seluloidi, wakaigeuza na kupaka rangi upande wa nyuma ili mistari isifunikwe. Shiti ikalazwa juu ya mandhari yaliyochorwa, ikapigwa picha moja, ikaondolewa, ikaja nyingine. Sekunde moja ya sinema ni picha 24, na katuni hiyo ndefu, Snow White, ina dakika 83. Piga hesabu, utapata zaidi ya picha laki moja. Wanawake wale hawakutajwa kwenye filamu.

Fedha zilipokwisha, Bank of America ilimtuma mtu kutazama kazi ikiwa nusu, na mkopo ukapatikana. Gharama ilifika kama dola milioni 1.5. Watu wa Hollywood walikuwa wakiuita mradi huo wazimu wa Disney. Ulipoonyeshwa tarehe 21 Desemba 1937, waliokuwa wakicheka wakasimama kupiga makofi. Kwa mapato yake ndugu wakajenga studio mpya Burbank.

Neema haikudumu. Vita vilifunga masoko ya Ulaya, Pinocchio na Fantasia za mwaka 1940 zikala hasara, huku kampuni ikilazimika kuuza hisa kwa umma. Tarehe 29 Mei 1941 wafanyakazi wakagoma. Mishahara ilipishana mno, majina ya wengi hayakuonekana kwenye filamu, na Art Babbitt, mmoja wa wachoraji waliolipwa vizuri, alifukuzwa kwa kusimama na chama cha wafanyakazi. Walt aliuona mgomo kama usaliti wa wanawe. Hapo alikosea. Aliyenyang'anywa kazi ya mikono yake mwaka 1928 alipaswa kuelewa kuliko yeyote uchungu wa mtu anayechora halafu asitajwe. Serikali ikapatanisha, chama kikatambuliwa, lakini udugu wa studio ulikufa, na mwaka 1947 Walt alisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akawataja baadhi ya waliohusika na mgomo kuwa wakomunisti.

Miaka ya vita nitaipita upesi: studio iliishi kwa filamu za mafunzo ya jeshi. Cinderella ya mwaka 1950 ndiyo iliyowatoa katika madeni. Halafu Walt akaanza kuota bustani ya burudani. Roy, akiwa bado na mashaka, alikwenda New York mwaka 1953 na mchoro mkubwa ambao Herb Ryman aliumaliza kwa mwisho wa wiki mmoja tu, akatafuta fedha. Televisheni ya ABC ikakubali kuchangia, nayo ikapewa kipindi cha Disney. Disneyland ikafunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Ndani ya miaka michache Roy alikwisha kuinunua tena sehemu ya bustani iliyokuwa ya ABC. Hakusahau somo la sungura.

Walt alifariki tarehe 15 Desemba 1966, ameacha ramani za bustani ya pili huko Florida. Roy alikuwa na miaka 73 na alitaka kupumzika. Akaahirisha kustaafu, akajenga, na akashikilia kwamba mahali hapo paitwe Walt Disney World, kwa jina kamili la mdogo wake. Palifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Roy alifariki Desemba ya mwaka huohuo.

Baada yao kampuni ilidorora. Mwaka 1984 tajiri Saul Steinberg alijaribu kuinunua ili aivunjevunje, akalipwa zaidi ya dola milioni 300 aondoke. Aliyeiokoa alikuwa Roy E. Disney, mwana wa Roy, aliyesaidia kuwaleta Michael Eisner na Frank Wells kuiongoza. Enzi mpya ya katuni ikafunguka kwa The Little Mermaid mwaka 1989.

Mwaka 1994 ikatoka The Lion King, na hapo historia hii inatufikia sisi. Baadhi ya waliotengeneza filamu hiyo walikuja Kenya kutazama nyika na wanyama wake, na wahusika wakapewa majina ya lugha yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Filamu ilivuna zaidi ya dola milioni 700 duniani. Mwaka huohuo kampuni iliomba kusajili "Hakuna Matata" nchini Marekani kama alama ya biashara kwenye nguo, na usajili ulikamilika mwaka 2003. Maneno hayo yalikuwa midomoni mwa watu wa pwani, na bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilikuwa imeyaimba katika "Jambo Bwana" mwaka 1982. Alama ya biashara haimzuii mtu kusema, na maelfu walitia saini mwaka 2018 kuipinga. Hata hivyo kitendo kile kiliuma, na kiliuma kwa haki, kwa kuwa kilifanywa na nyumba iliyojua vizuri maana ya kupokonywa.

Baadaye ulikuwa ununuzi mfululizo: Pixar kwa dola bilioni 7.4 mwaka 2006, Marvel 2009, Lucasfilm 2012, sehemu kubwa ya Fox mwaka 2019. Katika hayo yote linalonigusa ni dogo. Mwaka 2006 Universal walimrudisha Oswald, baada ya Disney kumruhusu mtangazaji wake wa michezo, Al Michaels, ahamie NBC, televisheni iliyokuwa ya kampuni moja na Universal. Sungura alikaa ugenini miaka 78.

Tangu tarehe 1 Januari 2024, Mickey wa mwaka 1928, yule wa Steamboat Willie, si mali ya Disney tena kwa hakimiliki ya Marekani. Wasanii wa Afrika nao wameanza kuingia mlangoni: mwaka huohuo wa 2024 Kugali, kampuni iliyoanzishwa na Waafrika, ilitoa Iwájú kwa kushirikiana na Disney, hadithi inayotokea Lagos. Mchoraji kijana wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala unayeletewa mkataba kesho: kabla hujatia saini, tafuta kifungu kinachosema mhusika wako ni mali ya nani, na usipokielewa mpelekee mwanasheria.