Matini Ipi? Matoleo ya Video ya Filamu ya Enter the Dragon

Filamu ya Enter the Dragon, iliyoongozwa na Robert Clouse, ilitolewa mwaka wa 1973, wiki chache baada ya mwigizaji wake mkuu, Bruce Lee, kufariki Hong Kong tarehe 20 Julai. Wahakiki huijadili kana kwamba ni matini moja. Hata hivyo, matoleo yaliyowafikia watazamaji majumbani hayakubaliani hata katika mambo ya msingi. Jambo ambalo halitamshangaza msomi wa tenzi, aliyezoea miswada ya utungo mmoja inayopishana beti.

Tofauti yenye uzito zaidi ni mazungumzo ya dakika chache karibu na mwanzo. Lee anatembea na mkuu wa hekalu la Shaolin. Mzee huyo anamsaili kuhusu kiini cha sanaa ya mapigano, kisha wanakumbushana kwamba adui hujificha nyuma ya taswira: ivunje taswira, naye atavunjika. Sehemu hii ya hekaluni ilibuniwa na kuongozwa na Lee mwenyewe. Ilhali iliachwa nje ya toleo lililoonyeshwa Marekani, na kanda za video zilizotokana na toleo hilo zikarithi pengo. Ilirejeshwa mwaka wa 1998, katika toleo la kuadhimisha miaka 25 ya filamu.

Athari yake inadhihirika mwishoni, Lee anapomsaka Han katika chumba cha vioo. Katika toleo la 1998, mbinu rejeshi inatumika: maneno ya hekaluni yanamrudia, ndipo anapoanza kuvivunja vioo. Ushindi wake unakuwa utiifu wa mwanafunzi kwa mafunzo. Katika toleo fupi hakuna aliyemfundisha; ni mpiganaji aliyebanwa anayebuni ujanja. Sauti hiyo pengine inaeleza kupita kiasi, kwa kuwa uso wa Lee ungetosha. Lakini bila mazungumzo ya awali, vioo vinabaki pambo tu.

Kanda nyingi za zamani ziliongeza hasara nyingine. Upana wa picha ya filamu hii ni zaidi ya mara mbili ya kimo chake, na ili ijaze kioo cha televisheni ya wakati huo, takriban asilimia 40 yake ilikatwa. Katika chumba kinachotegemea wingi wa taswira, huo si upungufu mdogo.

Nchini Uingereza kisu kilikata kwingine. James Ferman, aliyeiongoza bodi ya filamu ya nchi hiyo kuanzia 1975 hadi 1999, aliihofia nunchaku, yaani vijiti viwili vilivyoungwa kwa mnyororo, kwa sababu vijana wangeweza kuiiga kwa urahisi. Mwaka wa 1979 ikaondolewa katika filamu, na kanda za video za Uingereza zikafuata mkondo huo. Katika pambano la chini ya ardhi, Lee hutumia mti mrefu, kisha vijiti viwili, kisha nunchaku. Mtazamaji wa Uingereza alinyimwa kilele cha mpando huo hadi mwaka wa 2001, filamu iliporuhusiwa bila kukatwa.

Mwaka wa 2020 Criterion ilitoa mkusanyiko wenye toleo la dakika 99 na lile la dakika 102 pamoja. Mhakiki sasa anaweza kutaja ni lipi analolisoma.